Kizibo Kimoja cha Klia

Klia haikukauka. Fundi aligusa bega la sanamu ya zimwi kwa ncha ya kidole, kidole kikanata, akakivuta, kikaacha alama. Akagusa mchawi. Akagusa askari wa mifupa, wote watatu. Wananata. Ilikuwa saa tatu asubuhi ya Jumamosi, na fainali ilikuwa saa nane mchana.

Sanamu zenyewe hazikuzidi kidole gumba kwa urefu. Kikosi kilikuwa na saba. Kila Jumamosi, katika chumba cha nyuma cha duka la fundi saa, watu wazima na akili zao walizipiganisha mezani kwa rula na dadu, bila aibu yoyote. Dada mkubwa wa Fundi, muuguzi, ndiye aliyecheza. Fundi kazi yake ilikuwa rangi. Leo walikuwa wakutane na muuza dawa na mkewe, ambao walishawafunga mara nne. Na Jumatatu dada alikuwa anapanda ndege kwenda kazini ng'ambo, mkataba wa miaka minne. Jumamosi nyingine haikuwepo.

Fundi saa, mwamuzi, alikuwa na sheria moja: sanamu mbichi haikanyagi meza. Mbichi kwake ni ile isiyo na rangi, isiyojengewa kitako cha kusimamia, au inayonata. Kitambaa cha meza alikishona marehemu mkewe, basi hapo hakuwa na masihara.

Vanishi ya sanamu ilikuwepo, kichupa kizima. Ilitaka iachwe siku nzima bila kuguswa. Fundi, mwenye miaka ishirini na mitatu ya kupiga magari rangi, aliposoma hivyo juzi alicheka. "Siku nzima? Mimi kwa siku nzima gari lishachukuliwa na mwenyewe." Akabeba klia ya gereji, ile rangi isiyo na rangi inayong'arisha gari.

Klia haigandi bila hadena, dawa ya kuigandisha: vikombe vinne vya klia kwa kimoja cha hadena. Fundi alihitaji kama kijiko tu, akachanganya kwenye kizibo cha soda, kwa jicho. Kwenye ndoo, jicho likikosea tone moja hakuna anayejua. Kwenye kizibo, tone ndiyo hesabu yote. Kilitosha sanamu tano. Popo na mpiga upinde walikosa, na Fundi aliwaonea huruma.

"Hodi! Bwana mdogo!"

Dada alikuwa mlangoni na chupa ya chai.

"Usiingie," Fundi alisema.

"Nisiingie wapi? Nimekuogesha mimi. Asubuhi hii nimeiweka yako, wengine wote nimewaambia waje kuniaga kesho."

"Nipe saa moja, Dada. Kuna kitu kinanata."

Dada alichungulia juu ya bega lake, akaona. "Viache hivyo hivyo. Kidonda kinachochokonolewa hakiponi."

"Hii ni klia, si kidonda."

"Basi kidonda ni wewe. Njoo tunywe chai, tupange mchezo. Hata tukibaki na wawili nitajua la kufanya."

"Saa moja tu."

Alimfungia mlango. Akasikia kiti cha sebuleni kikivutwa, na chai ikimiminwa, kikombe kimoja.

Sasa, mtu mwingine angetoka akae naye. Fundi alikaa, akasimama, akagusa zimwi, akakaa tena. Gerejini mlango wa gari ukichelewa kukauka huwekewa taa kali. Akaleta taa. Baada ya dakika kumi mkuki wa askari wa kwanza uliinama kama mtu anayesalimia wakwe. Akazima taa. Mkuki haukunyooka.

Mikono ikamwasha. Akaona bora amalize vitako vya popo na mpiga upinde, vilivyokuwa bado. Akapaka gundi, akafungua sinia la mchanga na unga wa mbao aliokuwa ameutia rangi ya kijani uwe nyasi, akanyunyiza. Vilitoka vizuri. Moyo ukamrudi, na uliporudi ukaja na wazo: taa ni joto, lakini feni ni upepo tu, upepo hauyeyushi kitu. Akawasha feni namba tatu.

Sinia lilikuwa wazi.

Vumbi la kijani lilipotulia, sanamu tano zilikuwa na manyoya. Mchawi alikuwa na ndevu.

"Nini hicho?" Dada aliita.

"Hakuna kitu!"

Hakuna kitu ilimpeleka kwenye thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi. Alisugua uso wa mchawi mara mbili kwa kitambaa. Nyasi zilitoka, klia ikatoka, macho aliyoyachora kwa unywele mmoja wa brashi nayo yakatoka, ikabaki plastiki ya kijivu. Akageukia zimwi. Kuacha sasa aliona ni uvivu.

Saa saba na nusu dada alifungua mlango bila hodi. Alitazama meza muda mrefu.

"Huyu mwenye ndevu ni nani?"

"Askari wa tatu."

"Na huyu kipara?"

"Zimwi."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akafuta macho, akawapanga wote saba kwenye sanduku, wenye manyoya mbali na wazima.

Dukani, fundi saa aliwakagua kwa ile miwani yake ya jicho moja. Alimgusa askari, kidole kikaondoka naye. "Huyu ananipenda," alisema. Hakuna aliyecheka. Alimbandua, akampa Fundi mkononi. "Mbichi. Na huyu. Hawa watano wabaki nje. Popo sawa. Mpiga upinde sawa."

"Wawili kwa saba?" muuza dawa aliuliza. "Si muahirishe?"

"Mpaka lini?" dada alisema, akakaa.

Alicheza vizuri. Popo aliua wawili kabla hajazingirwa. Mpiga upinde alijificha nyuma ya mnara wa boksi raundi mbili, dada akimhesabia hatua kwa rula taratibu, kisha dadu zikamkataa. Muuza dawa alimpa mkono akiangalia chini. Dada alimgeukia mdogo wake. "Tungekaa asubuhi, ningekuuliza popo anaanzia kona ipi. Haya, twende."

Kesho yake nyumba ya dada ilijaa watu wa kumuaga, ikawa zamu ya kusalimiana na kupisha. Jumatatu akaondoka.

Kizibo kimoja kilikula sanamu tano. Jioni thelathini na nane za kuzipaka. Fainali moja, raundi nne. Na muda wa karibu saa nne na nusu, dada akiwa upande wa pili wa mlango na chai yake, katika siku mbili zilizokuwa zimebaki.