Makaa ya Tamar Raine

...atie au asitie, supu inadondoka kutoka kwenye upawa, tone, tone, jagi la Tamar Raine limenyooshwa mbele yake, tupu, na nyuma ya Tamar foleni nzima ya wake za wachimba makaa ya mawe inamtazama yeye Hannah Tweddle, "Jina lao lilifutwa kwenye orodha ya supu, Hannah, usijisahaulishe," anasema karani wa chama cha wachimbaji kutoka mezani, kana kwamba Hannah hajui, kwani si yeye mwenyewe aliyelifutisha, kwa mdomo huu huu, ilikuwa wiki ya kumi na moja ya mgomo, migodi yote ya Durham hashuki mtu shimoni ila wasaliti, naye akamwona Tamar akimwaga beseni mlangoni, maji meusi tititi, mbio kwa wenzake, "Jamani, Joseph Raine anaoga vumbi la mgodi, anatuuza huyo!", wala hakuuliza, aulize nini, maji si yamejisema... lo, na zile sufuria, wanawake arobaini mlangoni pa Raine wakigonga sufuria kwa vijiko, ndivyo wanavyofanyiwa wasaliti, Hannah mbele, akicheka, Mungu wangu, alicheka, Joseph akatoka, "Sijashuka, naapa!", sauti ikamezwa na kelele, kesho yake akaondoka kwa miguu kwenda anakokujua mwenyewe, hajarudi... "Muulize mumewe kala nini huko kwa mabwana wenye mgodi!" anadakia mmoja kwenye foleni, wanaangua kicheko, Tamar hageuki, mikono yake... usiitazame, Hannah, ameshaitazama, kucha zimekatika, weusi umeingia kwenye nyufa za vidole, mikono ile ile aliyoiona asubuhi hii alipowahi kuja kuwasha moto, nyuma ya kanisa, ikimimina gunia la makaa pale wanapoyakuta kila siku wakidhani ni mhubiri kanunua, kumbe Tamar anayachokonoa peke yake ukingoni mwa kijito, ya kupikia supu ya wagomaji, na anaponawa ndipo maji yanapogeuka meusi... Tamar akamwona, akakung'uta gunia, akaenda zake, na Hannah akawasha moto, ndiyo, kwa makaa hayo hayo, akakoroga njegere hizi, kinywa kimefungwa mpaka saa hii... "Shoga, mtilie basi, ana mtoto," ananong'ona Bessy, jirani yake, huku akikata mkate, "wewe una moyo mzuri," moyo mzuri! hapo aibu inamshika, maana ndivyo alivyokuwa amepanga, amtilie kimyakimya, wamsifu, Hannah kamhurumia mke wa msaliti, na Tamar anywe supu ya msamaha kwa kosa asilolifanya... hapana, kumtilia hivi hivi ni kumsingizia mara ya pili, kwanza aseme, tena kwa sauti ile ile aliyomzushia, wasikie wote mpaka wa mwisho mlangoni, anaogopa, ee anaogopa, watamgongea yeye sufuria mlangoni leo hii hii, wana haki, waje tu, atawafungulia, anavuta pumzi, na jagi bado limenyooshwa, na Tamar hamtazami, anaitazama supu.