Mashine Iliyojizima Yenyewe

Bi Amri alikuwa fundi wa kompyuta katika maabara ya hospitali. Wenzake walimbandika jina hilo kwa sababu kwa miaka ishirini alitumia mfumo wa kompyuta wa Unix kwa kuandika amri tu, na mashine ikamtii bila maswali. Aliporudi kutoka likizo, alikuta mkuu wake amembadilishia mfumo wa mashine yake ufanane na wa wenzake.

Siku ya tatu, akiwa anahamisha majibu ya wagonjwa, mashine ikajizima yenyewe ili ijisasishe. Kazi ya asubuhi nzima ikapotea.

“Nani kairuhusu?” alimfokea mkuu. “Hata mwanangu wa kumzaa hubisha hodi!”

“Utazoea, dada. Inajua inachofanya.”

“Basi ikufanyie kazi yangu!”

Akaibeba, akaitua kwenye meza ya mkuu juu ya makaratasi, akahamia chumba cha seva, zile kompyuta kuu za hospitali, ambako Unix ilikuwa bado hai. Humo mlikuwa na baridi ya jokofu wala hamkuwa na kiti. Alifanya kazi amesimama, sweta mwilini.

Siku ya kumi mkuu akaja ameikumbatia ile mashine.

“Haya, weka mfumo unaoutaka.”

“Nitaweka,” alisema Bi Amri. “Lakini neno samahani bado sijalisikia.”