Dumu la Wagonjwa

Mimi huuza petroli ya chupa hapa Ilemba, na nawaambia mapema: mjinga wa kisa hiki ni mimi, msimtafute mwingine.

Mama yangu hakugusa kihenge cha mwisho cha ulezi mpaka mavuno mapya yaingie. Nami nikamwiga: dumu moja la lita ishirini lilikaa nyuma ya mlango, haliuzwi, la kupelekea wagonjwa tu.

Vita vya mbali vilikuwa vimepandisha bei. Kisha redio ikasema nchi kubwa zimekubaliana kufungua akiba zao za mafuta ya dharura, na soko la dunia limeshuka siku hiyo hiyo. Nikaona Jumatano, bei mpya za mwezi zikitangazwa, petroli yangu itanidodea. Nikawauzia madereva wapita njia yote, na dumu lile pia.

"Baba Sharon, hilo ni la wagonjwa," mke wangu Cornelia alisema, mkono juu ya tumbo lake la miezi minane.

"Hata wakubwa wanafungua akiba zao! Jumatano nitalijaza mafuta ya bei nafuu."

Jumapili, tulipotoka misa, damu ikaanza kumtoka. Muuguzi wa zahanati akasema apelekwe hospitali ya Sumbawanga mara moja. Gari la jirani yetu Nestory lilikuwepo, tangi kavu. Alikuwa anasubiri Jumatano, kama nilivyomshauri, na kijiji kizima vivyo hivyo. Tukanyonya masalia kwenye pikipiki tatu. Yakatuishia kwenye mlima, katikati ya kona. Cornelia aliuliza kama tumefika. Nikamdanganya kwamba bado kidogo. Alikufa pale pale, na mtoto wetu tumboni.

Tulimzika Jumanne. Jumatano bei ikatangazwa: imepanda. Mwalimu Obedi akanieleza kwamba mafuta ya mwezi huu yalinunuliwa zamani, soko likiwa juu. Nafuu ya huko huchukua wiki nyingi kufika kwetu, kama itafika. Nilimsikiliza kwa adabu, huku natamani kumpiga.

Jioni mama mkwe akaja kukaa karibu yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hebu niambie. Magari yapo, pikipiki zipo. Mlikuwa mnasubiri nini?"

Jibu ni neno moja tu, bei, na mpaka leo sijaweza kumtamkia.