Ruka cha Nne

Mtaa mzima ulimjua fundi wa mabati kwa jina la Paka, na jina lenyewe hakupewa bure. Alitembea juu ya mapaa ya watu kama wewe unavyotembea sebuleni kwako, misumari upande mmoja wa mdomo, mluzi upande wa pili. Kwa hiyo siku alipoanguka uani kwa Bi Sindano, watu hawakuuliza kwanza kama yu hai. Walicheka. "Eti Paka kaanguka! Kaangukia miguu minne?" Haya, chekeni. Aliangukia mguu mmoja, wa kulia, na kifundo kikavunjika mahali pawili.

Bi Sindano, mwenye nyumba, alikuwa mshonaji wa sare za shule na mjane wa mwaka mmoja na miezi minne. Marehemu mumewe alikuwa seremala, tena si seremala wa kubahatisha. Milango aliyoitundika yeye ilifungwa kwa kidole kimoja. Lakini waliosema mganga hajigangi hawakukosea, maana ngazi ya nyumbani kwake aliiunga kwa mabaki ya mbao, na mwaka wa pili tu kipandio cha nne kikapasuka. Akakitia gundi, akakizungushia waya, akapaka rangi juu ya waya kuficha aibu, akamwambia mkewe, "Jumamosi nakibadilisha." Jumamosi hiyo, jamani, haikufika miaka tisa.

Badala yake ikazaliwa desturi. Mtu yeyote wa nyumba ile akigusa ngazi, seremala alipaza sauti popote alipo, hata akiwa bafuni na sabuni machoni: "Ruka cha nne!" Na aliyepanda hujibu kutoka juu, "Nimeruka!" Mabinti zao wawili walikua na wimbo huo. Siku binti mkubwa anapanda basi kwenda kuishi na mumewe mji wa mbali, anaweka mguu kwenye ngazi ya basi, baba yake akaita kutoka chini, "Ruka cha nne!" Abiria wakageuka kumtazama mzee huyu ana nini. Binti akacheka huku analia.

Seremala alipokufa, ngazi ikaegemezwa nyuma ya choo na hakuna aliyeigusa. Nyumba ikanyamaza. Bi Sindano alimkumbuka mumewe vipande vipande, lakini kilichomkaba zaidi ni kutosikia sauti ya mwanamume inayomwambia mtu ajihadhari. Wakati mwingine alishona mpaka kitambaa kikamwishia, akawa anakanyaga pedeli ya cherehani bure, ili tu pawe na kelele.

Ndipo bati la jikoni likaanza kuvuja, akamwita Paka.

Paka alikuja na ngazi yake ya chuma, akafanya kazi siku mbili, na hizo siku mbili Bi Sindano alizionea utamu ambao hakuutarajia. Si kwamba alimtaka Paka. Paka ana mke wake, na Bi Sindano ana akili zake. Alitaka nyayo. Alisimamisha cherehani akasikiliza hatua za mtu juu ya kichwa chake, nyundo inavyogonga, kikohozi, "Mama, naomba maji ya kunywa!" Akampelekea maji, akampelekea na chai ambayo hakuombwa.

Siku ya tatu Paka akaja mikono mitupu. Ngazi yake ilikuwa imeazimwa na fundi mwenzake.

"Mama, si nimeona ngazi nyuma ya choo?"

"Ipo."

"Basi naichukua. Leo ni kumalizia tu."

Akaibeba, akaiegemeza ukutani. Bi Sindano alisimama mlangoni mwa jiko, na yale maneno yakampanda mpaka kooni. Maneno matatu. Angeyasema, angesikia sauti yake mwenyewe ikiyasema badala ya ile nyingine, na angelia mbele ya fundi saa mbili asubuhi. Hakuwa tayari kuyatoa. Ndicho kitu pekee cha marehemu ambacho hakijagawiwa ndugu. "Atapanda mara moja mbili," alijisemea. "Paka huyu." Akarudi kwenye cherehani.

Paka alipanda mara tano salama, maana alikuwa mwepesi kama unyoya. Mara ya sita alikuwa na bati zima begani, na alipoanguka bati likaifunika ngazi, waliokuja kumbeba wasione kipandio.

*

Jioni ileile shemeji yake Bi Sindano akafika, mdogo wa marehemu, karani mstaafu wa mahakama. Huyu bwana hakuwahi kuwa hakimu hata siku moja, lakini alikaa karibu na mahakimu muda mrefu mpaka akaambukizwa.

"Shemeji," alisema, akivuta kiti, "sheria naijua. Mwenye nyumba akijua kitu ni kibovu akanyamaza, mfanyakazi akiumia, jukumu ni lake. Kama hakujua, hiyo ni ajali. Sasa nakuuliza. Wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Hukujua," shemeji akasema.

"Shemeji, si hata wewe ulikuwa unaambiwa uruke?"

"Mimi sikumbuki." Akashusha sauti. "Sikiliza. Unataka mtaa useme kaka yangu, seremala yule, aliacha ngazi mbovu kwake na kuipaka rangi? Mtu yuko kaburini, hana mdomo wa kujitetea. Wewe ndiye mdomo wake."

Hapo alimpata. Kesho yake akaja na kipande cha mninga, akang'oa kipandio kilichovunjika, akapigilia kipya, na ngazi nzima akaipaka rangi ya kijani. Kile cha zamani, pamoja na waya wake, akakitia jikoni kikawa kuni. Bi Sindano alikiangalia kikiungua. Waya haukuungua. Alipotoa majivu aliuokota, akautia kwenye kopo la vifungo.

Wiki ya pili mke wa Paka alikuja. Hakukaa.

"Nimefuata nyundo yake, mama."

Bi Sindano akaileta. "Anaendeleaje?"

"Mguu uko kwenye plasta. Mguu si neno, utaunga." Mke wa Paka akaishika nyundo kwa mikono miwili. "Watu wanasema alikuwa amelewa. Wawili waliokuwa wamemwita wameshachukua fundi mwingine. Hayo nayo nayaweza, mdomo wa mtu hauna kufuli. Ila yeye mwenyewe, mama. Analala anaangalia dari mchana kutwa. Ananiuliza, 'Mke wangu, niliteleza vipi? Mimi sijawahi kuteleza.' Anaurudia ule mguu hatua kwa hatua haoni alipokosea. Mluzi umekatika. Jana nimempa magongo apande kizingiti cha mlango tu, akakitazama, akarudi kulala. Anatamani kule juu mpaka namwonea huruma, na miguu yake mwenyewe haiamini tena."

Bi Sindano akasema pole. Akasema pole tena. Mke wa Paka akamtazama kama anayengojea neno jingine, na lilikuwepo, lilikuwa pale pale mdomoni. Halikutoka. Mgeni akaondoka na nyundo yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na Bi Sindano siku ile aliuona ukuta wenyewe ukipanda. Hakuweza kushona. Moyoni alimgombeza mume wake kwa mara ya kwanza tangu afe: Jumamosi yako hiyo! Kisha akamtamani vibaya sana, maana mtu wa kugombana naye juu ya jambo hilo alikuwa yeye tu.

*

Mke wa Paka alipeleka malalamiko kwa mwenyekiti wa mtaa, mama mmoja aliyefundisha shule ya msingi miaka thelathini na ambaye bado alitazama watu wazima kama wanaficha kitu chini ya dawati. Wakaitwa wote ofisini: chumba kimoja, mabenchi mawili, kalenda ya mwaka juzi. Paka alikuja kwa magongo, amekonda. Shemeji alikuja na ngazi begani, inang'aa kijani, na alikuwa na furaha ya mtu aliyerudi kazini.

"Mheshimiwa mwenyekiti," alianza, "kielelezo ni hiki. Ngazi nzima. Imara. Familia imeipanda miaka kumi na moja bila mtu kukwaruzwa. Fundi kateleza. Tunampa pole, ajali haina kinga. Lakini mwenye nyumba ana kosa gani?"

Mwenyekiti hakumjibu. Alimgeukia Paka. "Fundi, ilikuwaje?"

"Sijui, mwalimu," Paka akasema, na ilimtoka kwa taabu. "Mguu ulikuwa pale, halafu hapakuwa na kitu. Labda niliteleza. Sijui."

"Bi Sindano. Ngazi ni hii?"

"Ndiyo hii."

"Na wewe mwenyewe unaipanda?"

"Nilikuwa naipanda."

"Basi iegemezeni ukutani. Panda tuone."

Shemeji akaiegemeza haraka, akafuta vumbi ambalo halikuwepo. Bi Sindano akakusanya gauni lake mkono mmoja. Hakuwa na mpango wowote kichwani, hilo lieleweke. Alikuja pale hajui atasema nini. Akapanda cha kwanza. Cha pili. Cha tatu. Kisha mguu wake wa kulia ukaenda zake juu, ukapita kile kipandio kipya cha mninga, goti likamfika karibu na kifua, ukatua cha tano.

Hakuna aliyeona neno. Mwanamke kapanda ngazi, basi. Lakini mtu wa mapaa hamtazami mtu usoni, anatazama miguu.

"Mama," Paka akasema kutoka kwenye benchi, "mbona umeruka?"

"Ni woga tu," shemeji akadakia. "Wanawake na ngazi, si unajua..."

"Shemeji, nyamaza." Bi Sindano aliyasema hayo akiwa bado juu, uso ukutani, kashika ngazi kwa mikono yote miwili. Ilikuwa rahisi kidogo kusema bila kuwaona. "Sikuruka kwa woga. Hicho ni kipya, kimewekwa baada ya ajali. Cha zamani kilipasuka miaka tisa iliyopita. Mume wangu alikifunga waya akakipaka rangi, na nyumba nzima tulijua. Kila mtu akipanda aliambiwa aruke. Fundi ndiye peke yake hakuambiwa, na wa kumwambia nilikuwa mimi."

Akashuka. Aliruka tena alipokuwa akishuka. Akatoa mfukoni ule waya wa kopo la vifungo, mweusi kwa moto, ambao asubuhi aliutia humo bila kujua kwa nini, akauweka mezani mbele ya mwenyekiti.

"Fundi, hukuteleza," alisema. "Mguu wako haukukosea hata kidogo. Ulikanyaga panapokanyagwa."

Paka akafunika uso kwa kiganja, mabega yakamshuka. Alilia kimya kimya, mtu mzima mwenye ndevu, na mkewe akamwacha alie. Halafu mkewe akamgeukia Bi Sindano.

"Kwa nini hukumwambia? Si neno tu?"

"Kwa sababu lilikuwa la mume wangu," Bi Sindano akasema. "Alikuwa akilisema yeye. Niliona nikilisema mimi, basi amekufa kweli. Ni ujinga, najua. Nisamehe."

Shemeji alifungua mdomo, mwenyekiti akamwinulia kidole, akaufunga.

"Nyumba yako, ngazi yako, na ulijua," mwenyekiti akasema polepole. "Mguu wa fundi ni mzigo wako mpaka asimame mwenyewe. Hospitali, chakula cha nyumba yake, vyote. Na kwenye mkutano wa mtaa utasema hivi hivi, wasikie wale waliosema kalewa."

"Naubeba," akasema Bi Sindano. Na aliubeba kweli, asikudanganye mtu. Alishona mpaka vidole vikaota sugu mpya, na kwenye mkutano alisimama akasema yote, jina la seremala na ule wito wake vikiwemo. Wengine waliguna. Mzee mmoja akasema kwake pia kuna kitasa kinachongoja Jumamosi. Shemeji alinuna miezi miwili.

*

Miezi saba baadaye Paka alikuja na fimbo. Daktari alikuwa amesema mapaa labda mwakani, labda basi tena, na Paka alilisema hilo kwa mzaha, lakini macho yake yalikuwa kwenye paa tangu alipoingia getini. Bati la jikoni halikuwa limemaliziwa. Alimleta fundi mwenzake amalizie, bwana mmoja mnene aliyeitwa Kibonge, naye mwenyewe akakaa kwenye kigoda uani, fimbo magotini, amsimamie.

"Mwenzangu huyu nanga kabisa," alimwambia Bi Sindano. "Bati lako likizama usinilaumu."

"Wewe simamia tu, baba."

Akaingia ndani kwenye cherehani. Alisikia ngazi ikiegemezwa ukutani. Alisikia Kibonge akihema, cha kwanza, cha pili. Alijua kipandio kile sasa kingeweza kubeba ng'ombe. Hata hivyo mkono wake ulibaki juu ya kitambaa.

"Ruka cha nne!" Paka akaita.

"Kwani kina nini? Mbona kizima?"

"Wewe ruka. Nyumba hii ndivyo inavyopandwa."

Kibonge akanung'unika, ngazi ikalia, kisha nyayo nzito zikaanza kutembea juu ya bati. Uani, baada ya kitambo, mluzi ukaanza, wa chini chini, wa mtu anayejaribu kama bado unatoka.

Bi Sindano aliondoa mguu kwenye pedeli.

"Nimeruka," alisema, ingawa hakuna aliyekuwa akimsikia.