Miti Thelathini na Minane ya Ondieki

Alhamisi, tarehe tisa Februari mwaka 2023, saa nne kasoro robo asubuhi, mke wangu Kemuma aliteleza na mtungi wa lita ishirini kichwani, akaangukia jiwe, akafa. Saa naijua. Nilikuwa nachuma chai juu ya mteremko na redio ya jirani ilikuwa bado haijasoma taarifa ya saa nne niliposikia wanawake wakipiga nduru. Pikipiki ilipofika, mikono yake ilikuwa imeshapoa.

Waliokuja matangani walisema ni ajali. Mhubiri alisema ni mapenzi ya Mungu. Mimi shule niliiacha darasa la sita, lakini hesabu hii haikuhitaji mwalimu. Ulikuwa ukame, majani ya migomba yamejikunja kama sigara, nchi yote kavu isipokuwa mahali pamoja: kile kijia cha kupanda kutoka chemchemi ya mkuyuni, ng'ambo ya kilima. Watu wa vijiji viwili walikuwa wanapandia hapo na mitungi iliyojaa, maji yanamwagika kila hatua. Penye tope ndipo alipofia.

Sasa uliza alikuwa anafuata nini huko, mwendo wa saa nzima, na sisi tulikuwa na chemchemi yetu hatua mia mbili kutoka jikoni. Chemchemi yetu ilikuwa imekauka. Aliyeikausha ana jina. Anaitwa Ondieki, naibu wa chifu, mwenyekiti wa kamati ya chemchemi, mzee wa kanisa. Vyeo vitatu, mtu mmoja, na hakuna hata kimoja kilichowahi kubeba mtungi.

Bonde letu, hapa nyuma ya Gesima, zamani lilikuwa la majimaji. Matete yalikuwa yanamzidi mtu kimo. Ndege wenye taji walikuwa wanakuja wawili wawili, wanacheza ngoma yao, dume linaruka na jike linajibu. Vyura walikuwa wakianza jioni hamsikilizani mezani. Juu ya jicho la maji palikuwa na mkuyu mmoja, mnene, ambao hakuna aliyejua aliupanda nani. Wazee walikuwa hawaukati hata tawi la kuni. Hawakuwa na elimu, lakini walijua mkuyu ni mama: unakunywa kidogo, unawaachia wengine.

Mwaka 2009 Ondieki, cheo kikiwa bado kipya, aliita risaga. Risaga ni kazi ya ujirani. Leo tunalima kwako, kesho kwangu, na mtu hakatai, maana akikataa, siku yake ya kuchimba kaburi atachimba peke yake. Kwa hiyo tulikwenda wote. Tuliuangusha mkuyu kwa siku mbili. Siku ya tatu tukapanda miche ya mikaratusi kulizunguka jicho la maji, thelathini na minane, kwenye kipande cha bonde alichosema ni cha kwao. "Hii bulugamu inakausha matope na inakuwa haraka," alituambia. "Baada ya miaka kumi ni nguzo za stima. Maendeleo, watu wangu!" Tukapiga makofi. Tukanywa uji wake na viazi vitamu. Mimi nilibeba miche kwa karai, sitakataa.

Kemuma hakwenda. Alikaa nyumbani anapepeta wimbi. Niliporudi na udongo magotini akaniuliza, "Mmemaliza kumuua?"

"Kumuua nani?"

"Huyo mama aliyekuwa anawanywesha. Mmemuua, mkampandia mlevi mlangoni."

Nilicheka. Basi.

Mkaratusi ni mti wa ajabu. Unakua ukiuangalia. Chini yake hakuoti kitu, hata jani la kulisha mbuzi, na udongo wake unanuka dawa ya kikohozi. Mwaka wa tano matete yakawa mafupi. Wa saba, ndege wenye taji hawakuja. Mwaka wa tisa vyura wakanyamaza, na ule ukimya ulikuwa mbaya, nilishindwa kulala mwanzoni. Kisha maji yenyewe yakawa uzi, kisha jasho, kisha hakuna.

Tukamlilia mwenyekiti. Akaita baraza, akasimama na kofia yake. "Hayo ni mabadiliko ya tabianchi," akasema. "Dunia nzima ina joto. Mimi siwezi kumkamata jua nikamweka ndani." Watu wakacheka.

Ni kweli mvua siku hizi haina adabu, inakuja inapotaka. Lakini mbingu ni moja. Ng'ambo ya kilima, mkuyu wao haukukatwa, na chemchemi yao haijawahi kukauka, hata Februari ile. Jua lile lile, mawingu yale yale. Nilitaka kumwambia hivyo pale barazani, nikaona haya, kwa sababu Kiswahili cha barazani kinanitoka kwa shida. Kemuma alinikanyaga mguu niseme. Sikusema. Miezi minne baadaye nilimzika.

Baada ya arobaini nikaita risaga mimi. Nilipika sufuria mbili za uji, nikanoa mapanga sita, nikapita nyumba kwa nyumba: twendeni tung'oe mikaratusi, chemchemi irudi. Wote waliitikia ndiyo, Mogaka, ndiyo, Mogaka, kama tunavyomwita mzee huku kwetu. Asubuhi alikuja mtu mmoja, Bitutu, mjane wa ng'ambo ya kilima, Mkatoliki, umri wake anaujua Mungu.

"Wako wapi wengine, mong'ina?" nikamuuliza huyo bibi.

"Wanaumwa," akasema. "Kijiji kizima kimeshikwa na tumbo siku moja. Naibu wa chifu aliwapitia jana akawapa ugonjwa."

Alikunywa uji vikombe vitatu ili usiharibike. Siku hiyo ndipo nilipoacha kuwa mwombolezaji. Nilitaka Ondieki aone kitu chake kikifa polepole mbele ya macho yake, kila asubuhi akifungua dirisha, na asiweze kukizuia.

Mbuzi ndiye aliyenifundisha namna. Miaka ya nyuma mbuzi wangu alitafuna gome la mparachichi kuuzunguka wote, upana wa kiganja, na mti ulikauka umesimama. Chakula cha mti kinashuka kwa gome. Ukikata mkanda huo, mizizi inakufa njaa huku majani hayajajua bado.

Nilichagua Sabato, tarehe tatu Juni. Sisi hapa wengi ni Wasabato na siku hiyo hata kuni hazipasuliwi. Bonde linabaki tupu mpaka saa saba. Niliingia na panga wakianza wimbo wa kwanza. Kanisa liko juu ya bonde, nawasikia mstari kwa mstari. Mti wa kwanza ulinichukua muda, gome linateleza na utomvu wake unanata. Wa kumi nilikuwa fundi. Nikizungusha panga juu, nikizungusha chini, nikiingiza ncha, gome linavulika kama soksi. Kila mti nilimwambia Kemuma namba yake. Wakati wanaomba sala ndefu nilikuwa wa thelathini na tano. Nilipomaliza, bonde lote lilikuwa limevaa mkanda mweupe kiunoni.

Ningeweza kwenda nyumbani, na nani angejua? Lakini kisasi cha kujificha ni wizi. Nilipanda mpaka mlangoni pa kanisa na gambuti zangu, utomvu mpaka kwenye nyusi, panga mkononi. Walikuwa wanatoka. Ondieki alikuwa mbele, koti la kijivu, Biblia kwapani.

"Sabato njema, mzee wa kanisa," nikamwambia.

"Machogu!" akaniita kwa jina langu. "Umetoka wapi hivyo?"

"Kwenye miti yako. Nimeivua nguo. Yote."

Akaangalia bondeni. Kutoka pale unaona. Niliona midomo yake inahesabu.

"Leo ni Sabato, Machogu," akasema, sauti imekauka.

"Najua. Na kiu ni ya siku gani?"

Mama mmoja nyuma akamwita Mungu, "Ee Nyasae," mwingine akavuta wanawe. Hakuna aliyenigusa. Panga lilikuwa chini, lakini waliona lilivyong'aa.

Jumapili baraza la kanisa lilikaa. Nilidhani tutazungumza juu ya miti, na kutoka kwenye miti tutafika kwenye maji, na kutoka kwenye maji tutafika kwa Kemuma. Saa mbili nzima walizungumza juu ya amri ya nne! Kama kumenya gome ni kazi, au ni uharibifu. Kama uharibifu ni kazi. Karani aliandika. Nilipewa miezi sita bila ushirika kwa kufanya kazi siku ya Bwana. Jina la mke wangu halikutajwa hata mara moja, na alikuwa ameimba kwaya yao miaka kumi na minane.

Nikawa nangoja miti ife. Kila asubuhi nilipeleka kigoda changu ukingoni mwa bonde, nikakaa na chai ya rangi, nikaangalia. Ondieki alikuwa anapita juu kwenda ofisini, ananiona. Nilikuwa namnyanyulia kikombe.

Mwezi wa nane majani ya juu yalianza kuwa mekundu. Nilifurahi kama mtu aliyepata mtoto. Halafu nikaangalia chini ya ile mikanda nikaona vichipukizi, laini, vya buluu, kumi, ishirini kila shina. Mlevi mmoja alikuwa amezaa walevi ishirini.

Bitutu alikuja kutazama, akacheka mpaka akashika fimbo kwa mikono miwili. "Mogaka, wewe umemnyoa. Hukumnyonga."

"Nifanye nini sasa?"

"Yang'oe machipukizi. Wiki ijayo urudi uyang'oe. Na ijayo. Huyu anakufa kwa kuchoshwa. Kama mume wangu."

Basi nikaanza. Kila Jumatatu na Alhamisi, shina kwa shina, kwa kidole gumba. Vidole vyangu vinanuka dawa ya kikohozi hata nikila ugali. Kisasi kikawa kibarua, na sikulegea.

Ondieki ndiye aliyejichoma mwenyewe. Mwezi wa kumi aliandika malalamiko kwamba nimeharibu mali, akaomba afisa wa mazingira aje atathmini, nifikishwe mahakamani. Afisa alikuja kutoka Kisii: binti mdogo, Fardosa, hijabu nyeusi na gambuti za kijani, na tepu ya kupimia begani. Baraza liliitwa hapo hapo bondeni. Watu walijaa, hata wale wa tumbo.

"Ndiye huyu mhalifu," Ondieki akamwonyesha.

"Shikamoo, baba," Fardosa akaniambia. Nikaitikia. Kisha akamgeukia Ondieki. "Jicho la chemchemi liko wapi?"

"Chemchemi ilishakufa, madam. Tabianchi."

"Sikuuliza kama iko hai. Nimeuliza iko wapi."

Nilimwonyesha mimi. Akampa Bitutu ashike mwanzo wa tepu pale penye jicho, yeye akatembea na ncha nyingine. Mti wa mbali kuliko yote ulikuwa mita ishirini na mbili. Akaandika. Uso wake ukabadilika, akafungua faili, akageuza karatasi moja, nyingine, ya tatu.

"Mzee," akamwambia Ondieki, "hii miti ilitakiwa iwe imeng'olewa. Haitakiwi ndani ya mita thelathini. Barua ilishatumwa hapa."

"Lini?"

"Septemba mwaka jana. Siku kumi na nne za kung'oa." Akainua nakala juu watu waione. "Nakala tatu: ofisi ya chifu, naibu wake, kamati ya chemchemi. Na imepokelewa. Muhuri huu hapa, tarehe kumi na nne Septemba 2022, na sahihi."

Ondieki akachukua karatasi, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Hii si sahihi yangu."

Fardosa akampelekea chifu, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki. Chifu akatikisa kichwa. Akampelekea katibu wa kamati, ambaye akasema yeye Septemba ile alikuwa Nairobi kwa shemeji yake. Mimi nikaomba niione. Nilishika ile karatasi kwa vidole vyenye utomvu. Sahihi ilikuwa mkwaruzo tu, kama kuku amepita kwenye unga. Lakini tarehe ilisomeka, na tarehe mimi najua kuzisoma.

Miti iling'olewa wiki ile, visiki kwa mizizi, na Ondieki alilazimishwa kusimama pale. Tumepanda mikuyu sita. Mwezi uliopita udongo wa jicho la maji ulikuwa na unyevu, nikikanyaga unyayo unabaki na kung'aa. Watu wananipa mkono, wanasema Mogaka, umeshinda.

Sijashinda. Miaka mingi nilimchukia mtu mmoja, na sasa sijui chuki niipeleke mlango upi. Kama nilimwonea Ondieki, mwenye sahihi ile aniambie. Kama sikumwonea, aniambie pia. Nimekwenda ofisi ya chifu mara tisa. Nimekwenda Kisii kwa Fardosa, akasema, baba, sisi tuna muhuri tu, mkono hatuujui. Kila baraza nanyoosha mkono, na kila baraza muda unaisha kabla ya zamu yangu. Kwa hiyo naandika hapa, kwenu ninyi wa nakala tatu, Kiswahili kikinitoka vizuri au vibaya. Kutoka Septemba kumi na nne mpaka Februari tisa ni siku mia moja arobaini na nane, na kila moja ya siku hizo Kemuma alipita na mtungi mbele ya milango ya ofisi yenu akawasalimu: ni nani kati yenu aliyeipokea barua ile, akaikalia?