Mahali pa Kuvuta Pumzi

...na pasi bado ameishika hewani, haiweki juu ya shati wala haiegeshi pembeni, kwa sababu mjukuu ameuliza tena kutoka sebuleni, "Bibi, mwalimu anauliza kwa nini tunasimama hapa," na hapo ni pale pale, katikati ya aya ndefu, ambapo Bibi amesimama maisha yake yote bila kuulizwa na mtu, hata yeye mwenyewe hakuwahi kujiuliza, leo anakuja kuuliza mwanamke wa kwenye tableti, mwalimu wa nchi ya mbali huko, kavaa sweta zito, nyuma yake dirisha limejaa theluji, mwalimu ambaye binti yake Bibi alimtafuta mtandaoni bila kumshauri mtu, "Mama, wewe pumzika sasa, umefundisha vya kutosha," utadhani kufundisha Kurani ni kubeba magunia, mikeka ikakunjwa, ikasimamishwa nyuma ya kabati, na chumba cha uani kilichokuwa kikivuma sauti za watoto tangu asubuhi kikawekewa baiskeli na ndoo za rangi... "Bibi, unanisikia?" "Nakusikia, mama, ngoja kidogo," na kweli anasikia, ila anayemsikia ni mwingine, anamsikia mama yake, amekaa kwenye kigoda ndani ya chumba kile kile, msahafu mbele yake, watoto wamebanana mpaka mlangoni, anasoma nao wanafuata, sauti nyembamba inapanda, inapanda, halafu pale, kimya, Mama ameinamisha kichwa, basi na wao wote wanainamisha vichwa, kisha sauti inarudi nyuma maneno mawili na kuendelea, na wao wakaamini hapo pana jambo zito, labda malaika anapita, nani angethubutu kuuliza, na Bibi alipokirithi kigoda akainamisha kichwa pale pale, na mtoto aliyejitia hodari akaunganisha moja kwa moja alikula jicho moja tu akanywea, Mungu amsamehe, miaka arobaini ya macho makali, na wanafunzi wenyewe leo wametapakaa dunia nzima, yule muuguzi aliyeko ng'ambo alimtumia sauti yake kwenye simu mwaka jana, anasoma wakati wa mapumziko ya kazi, mashine zinalia nyuma yake, na pale, kimya, pumzi, maneno mawili nyuma, Bibi akalia peke yake jikoni mpaka vitunguu vikaungua, kwa sababu ni mama yake yule, kafika huko bila pasipoti, lakini muuguzi naye wanawe wanasoma kwenye tableti, na huyu mjukuu akiambiwa asisimame hatasimama, watoto wa siku hizi wakisikia neno kwenye kioo limeshapita, na Bibi naye akienda zake, nani atabaki duniani wa kusimama pale, hakuna, ndicho kinachombana, si sweta, si tableti, anaogopa Mama atakufa mara ya pili... sasa mwalimu anasema jambo kwa Kiingereza chake cha taratibu, na mtoto analeta maneno kidogo kidogo, "Anasema si kosa, Bibi. Anasema mtu husimama hapo akiishiwa pumzi tu, halafu anarudi nyuma kidogo ndiyo anaendelea. Nimemwambia wewe nawe ulifundishwa hivyo. Anauliza... aliyemfundisha bibi yako, alikuwa anaumwa kifua?" na mkono wenye pasi unashuka kidogo, unapanda, kifua, chupa ya dawa nyuma ya pazia, kikohozi cha alfajiri, "vumbi tu hili, wanangu, vumbi la mikeka," nao wakawa wanakung'uta mikeka kutwa mara mbili, watoto wajinga, wakimjazia vumbi zaidi, na vidole vilivyong'ang'ania ukingo wa kigoda, na kichwa, ewe Mola, kichwa kile hakikuinama kwa ajili ya malaika yeyote, aliinamisha ili wasimwone uso, kisha akarudi nyuma maneno mawili na kusoma kama kawaida, kila siku, mpaka wiki ile ya mwisho, na wao wote wenye mapafu mazima wakaigeuza shida yake ikawa heshima, na hakuna aliyejua, si mumewe, si watoto aliowazaa, amekuja kumsikia mgeni huyu, ambaye hakuwahi kukanyaga chumba kile, kamsikia kwenye koo la mtoto ambaye Mama hakuwahi kumpakata, na Bibi aliyemnunia miezi mitatu hata salamu anamrudishia nusu... "Bibi? Mwalimu anasubiri," na pasi ingali hewani, mkono unauma, shati halijaguswa, na jibu analo, mwambie ndiyo, alikuwa anaumwa, na hakukosa kuja hata siku moja, mwambie pia wewe kifua chako ni kizima, soma moja kwa moja, mwanangu, na anafungua mdomo kusema, lakini kwanza anainamisha kichwa, anavuta pumzi.