Mwalimu Aliyenyamaza

Mwaka wa 1957, katika shule ya wasichana karibu na Njoro, Chepkorir alikuwa mtu wa kuandika tu. Wenzake wakiwasha taa ya spiriti, yeye alishika kalamu. Alipoanza shule alivunja chupa ya maabara, darasa likacheka, na tangu hapo akawa anakwepa kugusa kioo. Kwao Kuresoi alikamua ng'ombe wakali bila wasiwasi.

Mwalimu Nasimiyu, aliyetoka Makerere juzijuzi, aliliona jambo hilo lakini hakulitaja mbele ya watu. Jioni moja alimwita peke yake maabarani.

"Leo hakuna maksi," alisema. "Tunaharibu."

"Tunaharibu, Madam?"

"Ndiyo. Usipojua kitu kinavyoharibika, utakiogopa siku zote."

Akapasha moto neli ya kioo yenye chembe za zambarau zinazotoa oksijeni. Oksijeni ikapita kwenye mrija uliotoka kwenye neli, ikatoa mapovu ndani ya beseni la maji. Kisha mwalimu akazima taa makusudi na kumvuta Chepkorir nyuma. Maji yakapanda mrija, yakagusa kioo cha moto. Pwaa! Neli ikapasuka.

"Ungefanyaje?"

"Ningetoa mrija majini kwanza."

"Haya, chukua neli nyingine."

Walirudia jioni nyingi, mpaka Chepkorir akawa anafanya huku akipiga hadithi.

Siku moja akaja mkaguzi Mzungu kutoka Nakuru. Wawira, aliyeongoza darasa, ndiye aliyeonyesha jaribio. Mzungu yule alipomsogelea, Wawira akababaika, akanyoosha mkono kuzima taa.

"Wawira, mrija kwanza!" Chepkorir akaita.

Watu wakageuka. Chepkorir alikuwa tayari amefika mezani. Akauinua mrija majini, ndipo akazima taa.

"Kwa nini umefanya hivyo?" mkaguzi akauliza.

Chepkorir akamtazama mwalimu wake. Nasimiyu akanyamaza, akatabasamu kidogo.

"Hewa ikipoa hunywea, bwana. Maji yangefuata nafasi hiyo na kupasua kioo."

"Basi endelea wewe."

Akatumbukiza kijiti chenye kaa ndani ya chupa ya oksijeni. Kikawaka moto mweupe, na Wawira akawa wa kwanza kupiga makofi.

Baadaye Chepkorir naye alifundisha kemia, kule Subukia. Akiulizwa juu ya Nasimiyu, alisema, "Jibu alikuwa nalo. Akaniachia mimi."